Walaji wa Mirongo

Kabla ya habari ya mkono wa Mashimba, sikieni kwanza dada yake alikuwa mtu wa namna gani. Teodora binti Luhende alizaliwa Sengerema, kwa wakulima wa pamba, na kilichompeleka shule hakikuwa tamaa ya kiti cha ofisini. Mjomba wake alikuwa na kifafa. Siku moja kilimwangusha motoni, na watu wazima wakasimama kando, wakiogopa kwamba ukimgusa kitakuhamia. Teodora, mtoto mdogo vile, ndiye aliyemvuta miguu. Tangu hapo akataka kujua ndani ya kichwa cha mtu kuna nini.

Serikali ikampeleka Tbilisi. Huku watu waliita Urusi tu, ingawa wenyeji wa kule ukiwaita Warusi wananuna. Akasoma ubongo, kisha akasoma jinsi maradhi yanavyoshuka kwa mbegu kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Aliporudi Mwanza, nchi aliyosomea imevunjika, na nchi yake imefungua milango, biashara ruksa kila kitu. Mashine ya kutazama ubongo haikuwapo hata ya kuota. Wengine wangekaa kulia na vyeti vyao. Yeye akakumbuka jambo jingine la Tbilisi: wauguzi wakimimina maji ya chupa kwenye kidonda kilichooza, na kidonda kinapona. Ndani ya maji yale mna virusi visivyomdhuru mtu, kazi yao kula bakteria basi. Teodora aliwaita walaji.

Na walaji hawataki fahari. Wanakaa penye uchafu, maana ndipo chakula chao kilipo. Kwa uchafu Mwanza haikumnyima: Mto Mirongo unakatiza mji na kila kitokacho vyooni, ukakimwaga ziwani. Miaka ikapita anainama Mirongo na chupa yake, wachuuzi wa Nyamagana wanamcheka.

"Daktari, leo umevua sangara au umevua mavi?"

"Nimevua cha kukuponya wewe," husema, na kuendelea kuinama.

Hakuwa anacheza. Maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona. Mtu ananunua rangi mbili, vile vidonge vya kuua bakteria, anameza leo na kesho, akipata nafuu anampa jirani zilizobaki. Bakteria wakazizoea dawa. Teodora akayasema hayo kwa wakubwa, wakampa pole na chai.

Ndipo mwiba wa sangara ukamchoma Mashimba, mdogo wake, kiganja cha kulia, akiwa kazini kwenye kiwanda cha minofu. Naye akafanya kama wenzake, akameza rangi mbili, akaona zinatosha. Mkono ukavimba, ukatoa usaha wa kijani. Hospitali wakamchoma kila sindano iliyokuwapo, wapi. Aliposikia neno kukata, akatoroka wodi akaenda kulala Kiseke kwa mama yao, akisema heri afe na mikono miwili.

Daktari Josephat, aliyesoma darasa moja na Teodora, hakumficha. "Teo, uozo ukishapanda kiwiko, si mkono tena, ni jeneza."

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Ummwagie Mirongo?"

"Nimmwagie walaji."

Akamtazama sana. "Jumatatu, basi. Na ukimponya, nitakupa wodi nzima ya vidonda. Usipomponya, sitaki kusikia tena habari hiyo."

Nyumba ya serikali mjini, alimofanyia utafiti, ilikuwa imepata mwekezaji, umeme umeshakatwa. Teodora akaotesha usaha wa ndugu yake kwenye visahani, akavifunga kwa kitenge pamoja na chupa ya maji moto ili vipate joto la mwili. Bakteria wakaota kama ukungu. Akadondoshea maji ya Mirongo. Ukungu ukabaki palepale. Akaenda Mirongo tena, mahali pengine, na tena. Mwisho kisahani kimoja kikatoboka matobo, kama shuka iliyoliwa na nondo. Wamekula.

Akawakusanya, akawapitisha kwenye kichujio cha mwisho alichokuja nacho toka Tbilisi, kinachozuia bakteria na kupitisha walaji tu. Ikapatikana chupa moja. Akaipeleka Kiseke, akaizamisha kwenye mtungi ipoe, akaanza kummwagia Mashimba asubuhi na jioni. Harufu ikapungua. Uvimbe ukalegea. Jumamosi asubuhi kidole gumba kikacheka, yaani kikainama chenyewe, na Mashimba akasema, "Dada, hiki kinaniita kazini."

Mchana ule Teodora akasikia watu wa mwekezaji wamefika. Akakimbia mjini kuokoa visahani, maana humo ndimo mlimobaki mbegu ya walaji. Akakuta sakafu imeshapigwa deki kwa dawa, visahani viko kwenye pipa la moto. Akarudi Kiseke mikono mitupu, akijipa moyo kwamba chupa bado ina nusu.

Sasa, mama yao, Wilhelmina, si mtu wa kufanya kazi nusu. Mvua za elnino zilipoleta kipindupindu, Teodora alizunguka pwani ya ziwa akifundisha wanawake kuchemsha maji, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mama yake. Huyo alikuwa akiingia jikoni kwa watu anafunua masufuria.

"Shikamoo, mayu," Teodora akamsalimu mama yake.

"Marahaba. Nimekusaidia. Uchovu umekuzidi, mwanangu, unamwagia ndugu yako maji ya Mirongo mabichi. Nimeyachemsha."

"Yote?"

"Ningeacha nusu ya nini? Yametokota haswa, si kule kuchemka juu juu. Nimemwosha nayo, mengine yako kwenye chupa."

Teodora akaishika chupa. Ilikuwa bado na uvuguvugu, na ndani hamna mlaji aliyebaki hai. Akairudisha mtungini.

Kesho yake alikwenda Mirongo. Akachota, akasimama na yale maji. Kichujio hana, kisahani hana, na kumwagia mtu kinyesi kibichi kidondani ni kumuua. Akayamwaga.

Jumatatu wekundu ulikuwa umeshavuka kifundo cha mkono. Josephat akakata chini ya kiwiko. Akatoka, akamkuta Teodora kwenye benchi, mama yake kamwegemea bega.

"Walaji wako walishindwa?"

Neno moja tu lingetosha. Lakini neno lile lingekaa kati ya mama na mwanawe, kila siku, hadi kaburini.

"Walishindwa," akasema.

Josephat akaitikia kwa kichwa. Alimwamini, na hakuna tena aliyempa Teodora kidonda cha kujaribia.

Majirani wakaja Kiseke kumpa pole mgonjwa. Ugali ukaletwa kwenye sinia moja. Mashimba hakusogea, maana mkono wa kushoto hauingizwi katika sinia la watu. Akachukua bakuli lake, akageukia ukuta.

"Na si kwamba dawa hatukuijaribu vizuri," Wilhelmina aliwaambia wageni. "Mimi mwenyewe niliichemsha."

Selina, jirani wa upande wa pili, akasonya. "Dawa za Urusi hizo."

Teodora akanawa, akaenda kukaa ukutani karibu na ndugu yake, akaanza kumchambulia samaki miiba.