Ndege Iliyotaka Nafasi ya Kugeuka

Ndugu yangu alikuja na panga saa nne asubuhi, akapiga mlango wa banda teke, mlango ukaanguka pamoja na bawaba zake. "Toka! Leo nakata huo upuzi wako!"

Upuzi wenyewe ulikuwa bodi ya ndege ya watu wawili, ya mbao, niliyokuwa nikiiunganisha nyumbani kwetu karibu na Ekerenyo kutokana na vipande vilivyokuja ndani ya makasha. Jasho langu la miaka lilikuwa pale. Niliitundika kwenye stendi ya kuzungusha: nguzo mbili za chuma, moja mbele, moja nyuma, na beringi za lori kuukuu. Ukitaka kupaka gundi tumboni unaigeuza miguu juu, unatia pini, inatulia. Bila stendi utalala chini yake, gundi ikudondokee machoni.

Lakini kitu kinachozunguka kinataka nafasi. Magurudumu yaligonga ukuta, basi nikausogeza ukuta nje hatua moja, nikang'oa miti ya mpaka ambayo marehemu baba alipanda kati yangu na ndugu yangu. Hatua moja tu, jamani! Huku kwetu mtu akikuibia ng'ombe mtaongea. Akigusa mpaka, mtauana.

Sikungoja aongee mara ya pili. Nilimpiga kichwa cha pua, panga likamtoka mkononi, akanirudishia goti la tumbo, tukabingirika juu ya makopo ya gundi tukitukanana kwa Ekegusii, matusi ambayo mama angeyasikia angetufukuza sote wawili. Alipojinasua aliikimbilia stendi, akachomoa pini ili bodi ianguke.

Hakujua, maskini. Ndege ilikuwa miguu juu. Ilijigeuza kwa kishindo, mguu wa gurudumu ukashuka na kumbana mkono kwenye nguzo. Mfupa niliusikia. Nilishika bodi niirudishe, wapi! Beringi ilikuwa imepinda, haiendi mbele wala nyuma, na damu inamtoka kama maji ya bomba.

"Kata!" akalia. "Kata, ndugu yangu, nakufa!"

Niliokota panga lake. Nikaukata ubavu wa ndege pale mguu ulipofungwa, mbao niliyoipiga msasa kwa mikono hii, nikakata nikilia kwa hasira, nikimtukana yeye, nikimtukana na baba aliye kaburini, mpaka ubavu ukapasuka na bodi ikaanguka vipande viwili.

Akautoa mkono. Nilidhani atasema asante. Alinipiga ngumi ya mdomo kwa mkono uliobaki mzima, jino likatoka.

"Mpaka urudi," akasema.

Halafu akaniangukia kifuani.

"Utarudi," nikamwambia, mdomo umejaa damu, nikambeba mgongoni kwenda barabarani kutafuta pikipiki ya kumfikisha hospitali.