Mti Niliouinua Kwenye Barabara ya Bengamisa

Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa dereva wa mashindano ya magari. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari, na tajiri mmoja wa hapa Kisangani aliyekuwa na gari la mashindano alinipa usukani baada ya mgongo kumshinda. Shindano langu la kwanza la taifa, kule Kinshasa, nilitoka wa nne. La pili nilitoka wa pili. La tatu lilikuwa lipite kwenye barabara zetu wenyewe, na nilitaka kulishinda mbele ya watu wa kwetu.

Juma moja kabla yake nilikwenda kujaribu gari kwenye barabara ya Bengamisa pamoja na rafiki yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kando yangu na kunisomea kona kutoka kwenye daftari. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, na barieri ilikuwa imeshushwa. Kwetu mvua ikinyesha, mti mrefu unalazwa barabarani na magari yote yanangoja mpaka udongo ukauke, yasije yakaichimba barabara. Hata gari la komiseri, mkuu wa wilaya, lilingoja. Mlinzi wa barieri alikuwa Mwislamu wa familia za zamani za mjini, mtu wa kofia safi. Alikuwa anakanyaga udongo kwa kisigino. Alama ikijaa maji, hakuna anayepita.

Nilimwomba afungue. Nikamwambia mimi ni pilote, dereva wa mashindano, na gari langu ni jepesi.

"Barabara haijue pilote, mutoto wangu," akasema. "Angalia hii maji. Ngoja."

Rafiki yangu naye akasema tungoje. Tukakaa na wenye malori. Mama mmoja aliyekuwa anauza kwanga, mikate ya muhogo, akaitazama miwani yangu ya jua.

"Vedeti anaona haya kukaa na sisi," akawaambia wenzake, akinikejeli kama mtu maarufu. "Mumuuzie kwanga kidogo tu, gari yake isikuwe nzito."

Wakacheka wote, na rafiki yangu pia. Nilipaswa kucheka nao. Badala yake, mlinzi alipokwenda nyuma ya kibanda kuswali adhuhuri, nilisimama, nikauinua mti kwa mikono yangu, nikamwambia rafiki yangu aingie garini. Aliingia kwa sababu mimi nilimwambia.

Kwenye daraja la pili la magogo gari liliteleza, likaangukia upande aliokaa rafiki yangu. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Polisi waliponihoji, nilisema nilikuta barieri iko wazi na mlinzi hayupo. Nilifikiri nitaokoa nafasi yangu katika mashindano. Mlinzi alisema aliuacha mti umelala mahali pake. Hawakumwamini, maana mimi nilikuwa pilote. Akafukuzwa, na mjini wakamwita mtu wa kulala kazini. Rafiki yangu aliniomba mara moja tu niseme kweli, kisha hakuniomba tena, wala hakunisema kwa mtu. Na uongo ule haukunipa kitu: hakuna aliyenikabidhi tena gari la mashindano. Kwa miaka zaidi ya thelathini niliendesha lori la mpunga na mawese kwenye barabara hiyohiyo, nikisimama kwenye barieri hiyohiyo kila mvua iliponyesha. Yule mlinzi alikuwa anatengeneza baiskeli karibu na daraja la Tshopo. Nilikuwa napita upande wa pili.

Mwaka huu alifariki. Nilikwenda matangani, nikamtafuta binti yake mkubwa, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Tonton, papa alijua," akasema. "Alisikia mti unalia ukiinuliwa, yeye iko kwenye sijida. Hakukata sala. Mupaka siku ya kufa alikuwa anajiuliza, kama angekata, yule kijana angebaki na mguu yake?"

Nilikuwa nimehesabu kazi niliyomnyang'anya, na jina lake. Sikujua kwamba alibeba na lawama ya mguu wa rafiki yangu.

Hakusema amenisamehe. Alinitaka nirudi siku ya arobaini, niseme mbele ya watu. Nikarudi na rafiki yangu na magongo yake. Nilisema mti niliuinua mimi, baba yao akiwa anaswali. Wazee wawili watatu waliomcheka zamani wakatazama mkeka. Rafiki yangu akanivuta kanzu nikae, imetosha. Nikabaki nimesimama, kwa kuwa nilikuwa bado sijafika kwenye mguu.