Tofali Nililong'oa Bafuni

Mpaka leo mke wangu akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hutamka neno moja tu, "tofali," nami hukaa chini kimya, kwa hivyo acheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwake, maana yeye huongeza chumvi (ingawa, kusema kweli, aibu yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha).

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa seremala wa reli hapa Nakuru, nimepanga chumba katika ploti ya Bwana Erasto, karani mstaafu aliyevaa tai hata akienda kununua maziwa. Vyumba vilizunguka uwanja mmoja na bafu letu lilikuwa magunia manne na jiwe la kusimamia. Basi Bwana Erasto akajenga bafu jipya, akalipiga lipu ya simiti likapendeza, halafu akatangaza kodi inapanda kwa wote, kwa sababu, alisema, amejenga kwa matofali ya kuchoma kutoka chini hadi juu. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: kodi ingenishinda, na Nekesa, mke wangu, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, angerudi kwao Kimilili na mtoto wetu Simiyu, nami ningebaki kubanana na makapera wa reli. Nikasema sikubali. Mtoto aliye tumboni atazaliwa nikiwepo.

Sote tulishuku kwamba nyuma ya lipu ile kulikuwa na matofali mabichi, udongo uliokaushwa na jua tu, lakini nani angethibitisha? Mimi, mwenye akili nyingi. Tofali bichi ukilitia majini huyeyuka likawa uji. Kwa hivyo Jumamosi jioni, Chifu wa lokesheni akiwa amekubali kuja kesho yake kutuamua, nilizunguka nyuma ya bafu na patasi, nikang'oa tofali moja, moja tu, la chini kabisa kwenye kona, ambako nyasi zingeficha shimo. Nikalifunga kwa gazeti, nikaenda kulala nikiwa nimeshinda kesi tayari.

Nisichojua (mimi ni mtu wa mbao, jamani) ni kwamba fundi wa nyumba, hata awe mwizi namna gani, safu ya chini huiwekea matofali mazuri, maana ndiyo inayopigwa na maji. Na nisichofikiria ni kwamba Jumapili watu wote huoga kabla ya kanisa, na maji yao yote yangetafuta shimo langu.

Hapo niwatajie mama mkwe. Alikuwa amekuja kumsaidia Nekesa kujifungua, na kwa desturi yetu mimi na yeye hatukutani uso kwa uso, hatupeani mkono, wala hawezi kulala chini ya paa langu, kwa hivyo alilala kwa jirani yetu, Mama Akinyi, na nikitokea upande huu yeye hupitia ule.

Basi baada ya kanisa tukakusanyika uwanjani, Chifu kwenye kiti, mimi na koti langu la harusi, karai la maji mbele yangu. Nikahubiri. Nikalitia tofali majini kwa madaha. Tukangoja. Tukangoja tena. Tofali likakaa pale zima, jekundu, safi kuliko mimi.

"Hata sabuni ingekuwa imeanza kuyeyuka," akasema Bwana Erasto, na watu wangu wenyewe wakacheka.

Nekesa alikuwa akinikonyeza tangu mwanzo. "Baba Simiyu, kuja kidogo."

"Ngoja, mama. Hii ni maneno ya kodi."

"Kuja, nakuambia!"

Sikwenda (laiti ningekwenda!). Alitaka kuniambia kwamba mama yake yuko bafuni, ameshikwa humo na mkutano wangu, hawezi kutoka kwa sababu mlango unatazama pale nilipokuwa nimesimama.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba sitoki hapo mpaka ukweli uonekane, na ukweli ukatii: ukuta wa bafu ukalegea kwenye kona ile ya tofali langu, ukapinda, ukavuta na upande wa mlango, ukalala chini wote, na nyuma ya vumbi akaonekana mama mkwe, amejifunga leso, kichwa kimejaa povu.

Nilishikwa na haya ambayo sijaisikia tena maishani. Nikanyakua karai nikajifunika uso, maji yote yakanimwagikia kotini, na lile tofali likaniangukia kidole cha mguu, hapo nikaamini kweli limechomwa.

"Huyu ndiye ametoa tofali!" Bwana Erasto akapiga kelele. "Amevunja nyumba yangu!"

Ningeweza kukana. Nikafikiria Kimilili. "Nimetoa," nikasema ndani ya karai. "Moja. Ukuta gani inaangushwa na tofali moja?"

Hapo nikasikia sauti ya mama mkwe, haisemi nami, Mungu apishe mbali. "Nekesa! Uliza Chifu, hii matope inayeyuka kwa miguu yangu, ndiyo mnaongezewa kodi?"

Chifu akainuka, akaokota kipande kwenye maji ya kuoga, akakifinya. Kikapita katikati ya vidole vyake. Akasema kodi ibaki ile ya zamani mpaka ukuta usimame kwa matofali ya kuchoma hadi juu, na mimi, kwa kiherehere changu, nimsaidie fundi kila Jumapili.

Nilibeba matofali wiki nne, na kwa mama mkwe nikatoa kondoo na blanketi ili tusameheane. Binti yetu alizaliwa katika chumba kile kile, nami nikiwa nje ya mlango, kidole bado kimefungwa kitambaa. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyempokea mtoto, akanitumia ujumbe kwa Mama Akinyi: "Mwambie kondoo nimekubali. Lakini siku akitaka kutoa tofali ingine, aseme kwanza, nivae."

Sijang'oa tena. Na bafu la mtu siku hizi hata mlango wake sigusi kabla sijapiga hodi mara tatu.