Hindi la Mama Mkwe

Kisa hiki kilinigharimu kanda moja ya video, Jumamosi kumi na moja, na sauti ya mama yangu. Nimehesabu mara mbili. Kanda na Jumamosi naweza kusamehe. Hicho cha tatu, hapana.

Mama alikuwa mkunga wa kijijini, upande wa Migori. Miaka ya tisini walikuja watu wa kamera waliokuwa wakitengeneza vipindi vya televisheni vya kuwafundisha watu wazima mambo ya afya: wiki hii malaria, wiki ijayo kuhara. Walipofika kwenye mambo ya kujikinga kitandani, kila waliyemwomba aonyeshe aliona haya. Mama akaona wanampotezea mchana wake. Akachukua hindi la kuchemsha, akafungua kondomu, akaonyesha.

"Sasa mnaogopa nini," aliwauliza, "na hili ni hindi tu?"

Hayo nilisimuliwa. Mimi nilikuwa Ntimaru nikiuza mitumba, na siku kipindi kilipoonyeshwa ilikuwa tena siku ya soko huko. Nyumbani hatukuwa na televisheni. Aliyekuwa nayo, pamoja na deki ya kurekodi, ni shemeji yangu, mume wa dada, mwenye ukumbi wa video Homa Bay. Nikamtumia kanda mpya, bado iko kwenye nailoni, na kikaratasi: Rekodi yote, usiguse.

Akarekodi. Hilo simnyimi.

Mama alikufa kabla ya mwaka kwisha, hajajiona kwenye kioo cha televisheni hata siku moja. Baada ya matanga nikaenda Homa Bay kuchukua changu. Shemeji akaweka kanda huku amenipa mgongo. Nikaona mkono wa mama, nikaona hindi, halafu wanaume wawili waliovaa chupi wakaanza kupigana mieleka.

"Mama yuko wapi?"

"Shem, kaa kwanza unywe soda."

"Soda nitakunywa. Mama yuko wapi?"

"Nimerekodi juu yake." Akageuka. "Ulitaka nifanyeje? Maro wangu, mama mkwe ambaye sijawahi hata kula mbele yake, ameshika lile hindi ndani ya biashara yangu! Kila siku wateja wananiuliza, 'Bosi, mama mkwe anafundisha saa ngapi?'"

"Si ungenirudishia kanda?"

"Uende uionyeshe Migori nzima?"

Hapo alisema kweli, lakini sikumwambia.

Kwetu mkwe akimwona mama wa mkewe njiani huingia vichakani. Dada wa mkewe, huyo ameruhusiwa kumtania apendavyo. Nikaona pa kupitia.

Jumamosi iliyofuata, mchana, kabla ya picha ya kwanza, nikasimama mlangoni pa ukumbi wake na hindi la kuchemsha na boksi la kondomu za bure kutoka zahanati.

"Mimi ni binti wa mama mkwe wa mwenye ukumbi," nikatangaza. "Nimekuja kumalizia somo lake."

Watu wakavunjika mbavu. Shemeji hakuweza kunifukuza, maana angeonekana ameshindwa na utani. Kubaki pia hakuweza, maana kila sentensi niliianza na "Mama alisema." Akatoka akasimama nyuma ya choo, juani. Nikahakikisha somo ni refu.

Hivyo hivyo kila Jumamosi. Dada akanuna. Kilichoniudhi ni kwamba viti vilianza kujaa mapema, na kiingilio alikusanya yeye. Kisasi changu kilikuwa kinamlisha.

Jumamosi ya kumi na moja, mama mmoja muuza samaki wa Kendu Bay akanivuta kando.

"Unafundisha vizuri, lakini mwisho unauruka. Mimi nilikuwa humu siku ile ya kipindi. Mama yako alipoweka hindi chini, alikutaja wewe."

"Alisemaje?"

"Sikusikia. Hawa walikuwa wanacheka. Muulize shemeji yako, alijificha nyuma ya pazia karibu na spika."

Nikamfuata kule nyuma ya choo. Akatazama chini. "Nilisikia," akasema. "Lakini maneno ya maro, tena ya siku ile ya hindi, hayawezi kupita kwa mdomo wangu." Nikawatafuta wale watu wa kamera, ofisi yao ilikuwa imeshafungwa, na kanda zilikoenda hakuna aliyejua. Sikurudi tena mlangoni pake. Mtu hawezi kufundisha somo ambalo hajui mwisho wake.

Juzi amekuja kwangu, kichwa cheupe kwa mvi, na mbuzi wa kupatana. Nimempapasa mbuzi mbavu mara mbili. Amekonda.

Shemeji, rudi na mnyama wako. Kanda iliyobaki ni wewe. Ukifa nayo, nitakuja matangani kwako na hindi, na wajukuu wako watakaa mbele. Kwa hiyo nilipe ukiwa hai. Ukiona haya, geukia ukuta, na mimi nitageukia mlango. Anza pale alipoweka hindi chini. Alisemaje?