Zuhura Hakufika Ukurasa wa Mwisho

Jumanne, 9 Machi. Mvua tangu alfajiri. Ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo haionekani.

Nimeanza kama ninavyoanza daftari langu kila siku, maana sijui pengine pa kuanzia. Zuhura amefariki jana asubuhi. Tumemzika jana hiyo hiyo, baada ya alasiri. Mkono bado unakataa kuandika "marehemu".

Hapa jukwaani mtandaoni mlimjua kwa jina la Mke wa Boro. Ndiye aliyegombana na watu wa Kigoma na Goma wiki nzima juu ya kile kitabu cha hadithi fupi za Kituo Orvane, ile tamthilia yetu ya kituo cha angani. Mlisema hadithi hizo hazihesabiki, kwa sababu hazikuonyeshwa kwenye televisheni.

Akawajibu: "Na mi sijaonyeshwa kwenye televisheni. Mi sihesabiki?"

Jamani, nilicheka mpaka mwenye cyber akaja kuniangalia!

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja, cha Kifaransa, na wasomaji tulikuwa wanne, kila mmoja mtaa wake. Kuna siku, kwa ajili ya vita, huwezi kuvuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Zuhura akachukua wembe kwenye duka la vipuri la mjomba wake, mtaani Buyenzi, akapasua mgongo wa kitabu, akashona kila hadithi peke yake kwa uzi wa magunia. Vikawa vijitabu kumi na kimoja vya kuzungushana.

Mimi nililia. Akanitazama: "We unalia nini? Injini ikifunguliwa imekufa?"

Kanuni aliziweka yeye. Hakuna kuruka zamu. Hakuna kumwambia mwisho mtu ambaye hajasoma. Na yeye akajiweka wa mwisho kwenye kila hadithi. "Mwenye nyumba anakula nyuma ya wageni," alisema.

Siku moja tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari akakuta karatasi zetu ndani ya boksi la plagi za injini. "Hizi ni trakti za waasi?"

"Apana, chef," Zuhura akajibu. "Ni hadithi ya watu wa angani."

"Huko angani wanapigana pia?"

"Wanapigana, chef. Lakini wenyewe wanamaliza kwa saa moja."

Nilidhani tumekwisha. Yule askari akasoma ukurasa mzima amesimama, akaomba abaki nazo. Zuhura akamwambia apange foleni kama watu wengine!

Alimpenda Boro, fundi wa kituo, kwa sababu anatengeneza chombo cha angani kwa vyuma vya kuokota. "Huyu ni mutu wa Buyenzi," alikuwa anasema. "Wamemubadilisha jina tu."

Wiki iliyopita malaria ikampanda kichwani. Jumapili, hospitalini, daktari alimwita mama yake kwenye korido, wakaongea kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa na hadithi ya kumi na moja kwenye mkoba, ile ya mwisho, ile ya Boro. Yeye alikuwa hajaisoma. Nikaitoa.

"Zamu ya nani?" akauliza.

"Ya Désiré."

"Basi mupelekee Désiré."

"Zuhura, tafadhali."

"Apana." Akageukia ukuta.

Mama yake akamwambia, "Mwanangu, musikilize mwenzio." Hakugeuka.

Nikatoka mvua ikinyesha, nikapanda mpaka Kinanira kwa Désiré, mmoja wa sisi wanne. Alikuja na shati lake la kazi. Akavuta kiti karibu na kitanda, akafungua zile karatasi, akasema: "Zamu yangu imefika, nasoma. Ila mi nikisoma lazima nitoe sauti. Asiyetaka kusikia azibe masikio."

Zuhura akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. "Mujanja we." Masikio hakuziba.

Désiré alisoma Kifaransa kimoyomoyo, akakitoa kwa Kiswahili. Boro yuko nje ya kituo anafunga valvu, kamba yake inakatika, anaelea peke yake gizani. Zuhura alimkatiza mara ngapi! "Valvu haifungwi hivyo. Huyu mwandishi hajawahi kushika spana." Kisha akawa anasikiliza tu, ameshika mkono wa mama yake.

Saa kumi na moja jioni usingizi ukamchukua. Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja.

Désiré akaniangalia. Mama Zuhura akasema, "Muache apumuzike. Mutamalizia kesho."

Hakuamka.

Ninyi ambao hamjasoma ya kumi na moja, tafadhali ishieni hapa. Kanuni yake bado ni kanuni. Yaliyobaki ni ya Zuhura.

Zuhura, Boro anarudi. Wenzake wanaunga mikanda yao yote, mmoja kwa mwingine, mpaka inamfikia. Wanamvuta taratibu. Anaingia kwa mlango wa jikoni, amechoka, hasemi lolote juu ya kamba wala giza. Anauliza tu kama kuna chakula kimebaki. Wanamsogezea nafasi kwenye benchi, anakaa katikati yao. Chini ya hapo hakuna neno lingine, karatasi ni nyeupe.

Sasa umesikia yote. Lala, dada yangu. Lala vizuri.