Kwa Mwami wa Bibi

Juzi nimerudi Rumonge, nikashika kwa miguu njia ya Kigwena. Ikifika kwenye miti mikubwa ya mivumu njia hupinda ghafla, kisha hunyooka tena. Mwanamke niliyeongozana naye, mwenye kikapu cha chikichi kichwani, akaninong'oneza, "Hapa iliishi mwami, mama. Usiingie." Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia.

Rafiki yangu, pale palikuwa kwa babu, mvuvi wa ndagala. Enzi hizo boma lilizungushwa kwa fito mbichi za mvumu. Nyumba ikioza, fito huchipua zikawa miti. Babu alikufa sijazaliwa, basi nilimjua kwa miti hiyo. Kila alasiri bibi alinitembeza humo, harufu ya ndagala zilizoanikwa ikitufuata kutoka ziwani. "Hapa mulango. Piga hodi." Nami napiga hodi hewani. Hatua sita, jikoni. Bibi aliinua nguo asiiunguze kwa moto uliozimika miaka mingi. Penye kaburi la babu tulinyata, tusimwamshe. Bibi alimwita babu "mwami wangu", yaani mfalme wangu, nami nikadhani ndilo jina lake.

Kisha Mdachi, Mjerumani aliyetutawala enzi hizo, akataka barabara iliyonyooka. Vigingi vikaja mpaka kwenye boma letu, na bibi akaacha kula. Siku ya mashoka alikuwa ameteremka kuchota maji, nami nacheza humo ndani. Askari akaniuliza, "We mutoto, hapa iko kwa nani?"

"Kwa mwami," nikajibu. "Iko analala."

Wakata miti wakatua mashoka chini. Nani asiyejua kwamba alipokaa mfalme shoka haliingii? Askari akamweleza Mdachi, na Mdachi, aliyeogopa fujo kuliko kona, akahamisha vigingi.

Bibi alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Lakini maneno yana miguu. Kesho yake tulikuta wazee wamesimama pale mlangoni petu. "Amahoro, mama. Murudi tu. Kwa mwami mutu haingii." Angesema kweli, mashoka yangerudi. Akanishika mkono, tukarudi.

Hakuingia tena. Alipokufa walimzika ng'ambo ya njia, na hilo linaniuma hadi leo. Mivumu ipo, tena imenenepa. Kilichopotea ni mlango na jiko, maana anayejua vilipokuwa nimebaki peke yangu, na juzi nimepita nje kama watu wengine.