Kindege Changu na Kofia ya Mzee Seif

Wenzangu, tangu Jumapili natembea hapa Makorora nikitazama chini.

Nilinunua kindege cha rimoti chenye mabawa mawili, moja juu na jingine chini, kile cha kujipindua hewani. Muuzaji alinisihi nianze na cha kujifunzia, nikaona ananidharau. Mzee Seif, baba wa Rukia ninayemposa, aliposikia akanialika nikirushe shambani kwake Mwera. Posa yangu alikuwa bado hajaijibu.

Alikaa mkekani, ukingoni mwa uwanja wa kuanikia mbata, na kofia yake nyeupe pe. Kabla ya kurusha lazima upime: ukisukuma kijiti cha rimoti kushoto, kile kibawa kidogo kilicho nyuma ya bawa, upande wa kushoto, kiinuke. Hupimwa umesimama nyuma ya ndege. Lakini kusimama nyuma kulimaanisha nimpe mzee mgongo, nami sikulelewa hivyo. Nikasimama mbele, tukitazamana. Kushoto nikakuona kulia. Nikasema kiwanda kimekosea, nikageuza mipangilio.

Kikapaa vizuri. Nilipokipeleka kushoto kikwepe minazi, kikaenda kulia, na kadiri nilivyokirudisha ndivyo kilivyozidi kupinda, hadi kikamjia mzee kichwani na kumvua kofia.

Mzee akaiokota, akaipangusa vumbi. Ilikuwa imechanika.

"Umekosea wapi, mwanangu?"

"Nilipima kwa mbele, baba. Nilichelea kukupa mgongo."

Akaivaa vilevile ilivyo.

"Haya. Sasa nipe huo mgongo, uende kwenu."